NIA YA VITA: KHABARI ZA VITA VYA KAGERA NA HOJA ZA WATU JUU YAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Katika barza za Juba, na hasa katika mitaa kama Hai Malakal ambamo Kiarabu cha Juba, Kinubi na Kiswahili husikika katika nyumba moja, liko swali ambalo wazee hawajaacha kulijadili tangu mwaka 1979. Swali lenyewe ni hili: Tanzania ilipoingia vitani na Uganda, ilikuwa na nia gani? Wako wasemao kwamba ilijilinda tu, kama mtu alindavyo nyumba yake. Wako wasemao kwamba Rais Julius Nyerere alitaka kumrudisha rafiki yake Milton Obote katika kiti cha enzi. Na wako wasemao, tena kwa sauti ya chini, kwamba vita vile vilikuwa vita vya kanisa juu ya Uislamu, na kwamba jeshi la Uganda lilivunjwa kwa kuwa mkuu wake alikuwa Mwislamu.

Swali hili si la kupitisha saa tu baada ya sala ya Alasiri. Jamaa wengi wa Kiislamu walioishi Juba waliletwa huku na vita hivyo, wakiwa na watoto mgongoni na vyombo kichwani, na watoto wao wamekua wakiisikia kauli moja au nyingine. Neno likirithiwa bila ya kuchunguzwa huwa kama deni lisilo hati: mrithi hulilipa wala hajui lilikopwa na nani. Kwa hiyo yafaa katika kijitabu cha ukumbusho kama hiki khabari zipangwe kwa utaratibu wake, kila hoja ipewe haki yake, kisha msomaji apime mwenyewe kwa uadilifu.

ASILI YA WATU NA ASILI YA MIPAKA

Hapana awezaye kuzifahamu khabari za Uganda na Juba akidhani kwamba mipaka ya leo ni ya tangu zama. Mji wa Lado, uliokuwa makao ya serikali ya Equatoria katika zama za utawala wa Misri, ulikuwa ukingoni mwa Nile karibu na Juba ya leo. Emin Pasha alifanywa gavana wa Equatoria mwaka 1878. Mahdi alipoiteka Sudan, gavana huyo na askari wake walikatika na Misri, wakarudi nyuma kuelekea kusini mpaka Wadelai. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta mabaki ya askari hao huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua Uganda pamoja na wake zao, watoto wao na wafuasi wao. Hao ndio asili kubwa ya Wanubi wa Uganda na Kenya, na lugha yao ya Kinubi ni ndugu wa Kiarabu cha Juba.

Kadhalika nchi ya Lado yenyewe iligawanywa. Mwaka 1910 ilirudishwa Sudan kutoka mikononi mwa Mfalme wa Ubelgiji, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikapewa Uganda, ikawa West Nile, yaani nchi ya Arua. Basi Mkakwa wa Yei na Mkakwa wa Koboko walitenganishwa na kalamu, hawakutenganishwa na damu.

Kalamu hiyo hiyo ilifanya kazi upande wa kusini wa Uganda. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana kwamba mpaka baina ya nchi zao, magharibi ya Ziwa Victoria, upite katika mstari ulionyooka wa digrii 1 kusini ya Ikweta. Mstari huo haukufuata Mto Kagera. Kipande cha nchi kilichokuwa kaskazini ya mto kikabaki upande wa Wajerumani, na baadaye kikawa cha Tanganyika, kisha cha Tanzania. Kipande hicho, chenye ukubwa wa kilomita za mraba kama 1,800 hivi, ndicho kilichoitwa pembe ya Kagera. Kwa mtu mwenye kutafuta sababu ya ugomvi, ilikuwa rahisi kusema kwamba mpaka wa haki ni mto, wala si mstari.

MIAKA SABA YA UHASAMA

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali ya Uganda, naye Rais Obote alikuwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola. Nyerere alimkaribisha Obote Dar es Salaam, akakataa kumtambua Amin. Tangu siku hiyo nchi mbili hizo zilikuwa kama majirani walioacha kusalimiana.

Mwezi wa Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania, wakaelekea Mbarara na Masaka, wakashindwa. Amin akajibu kwa ndege zake kuupiga mji wa Bukoba na Mwanza. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, kwa usuluhishi wa Rais Siad Barre wa Somalia, pande mbili zikatia sahihi mapatano ya Mogadishu, kila upande ukaahidi kurudisha majeshi nyuma na kutowasaidia maadui wa mwenziwe. Yafaa kukumbuka jambo hili, kwa kuwa wenye kuitetea Uganda husema, nao hawasemi uongo, kwamba Tanzania ndiyo iliyotangulia kuwafungulia mlango watu wenye silaha.

Katika miaka hiyo Amin aliwafukuza Waisraeli, kisha akawafukuza Waasia, akafanya urafiki na Libya, na mwaka 1974 Uganda ikaingia katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu ijapokuwa Waislamu wa Uganda walikuwa wachache. Wako Waislamu waliopata vyeo na maduka. Lakini pia ni miaka iliyojaa mauaji. Watu wa kila kabila walichukuliwa majumbani mwao wasirudi. Mwezi wa Februari 1976 Amin alisema kwamba sehemu za Kenya ya magharibi na sehemu za Sudan ya kusini zilikuwa za Uganda hapo zamani. Mwezi wa Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Na mwaka huo huo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika.

NIA YA IDI AMIN

Wengi wajadilipo vita hivi huanza na nia ya Nyerere. Utaratibu ulio sawa ni kuanza na aliyevuka mpaka. Mwezi wa Oktoba 1978 askari wa Uganda walianza kuingia Tanzania kidogo kidogo. Mwisho wa mwezi wakaja kwa nguvu, wakaishika pembe yote ya Kagera. Tarehe 1 Novemba serikali ya Uganda ikatangaza kwamba nchi ile imekuwa yake. Daraja la Kyaka likavunjwa. Raia waliuawa, wanawake waliingiliwa kwa nguvu, ng'ombe kwa maelfu waliswagwa, na kiwanda cha sukari kikaporwa. Risasi haikuuliza dini ya mtu. Na miongoni mwa Wahaya wa Bukoba wamo Waislamu.

Kwa nini Amin alifanya vile? Zimetolewa hoja nne.

Hoja ya kwanza ni yake mwenyewe: kwamba Tanzania ilimwanza. Redio ya Uganda ilitangaza hivyo katika Oktoba 1978. Lakini hapakuonekana dalili ya jeshi la Tanzania ndani ya Uganda katika siku zile. Bali ilionekana kwamba upande wa Tanzania mpaka ulikuwa na walinzi wachache mno. Mtu aliyejiandaa kushambulia haachi mlango wake wazi namna ile.

Hoja ya pili ni ya mpaka wa mto. Hoja hii ina asili katika ramani, lakini haikuwa na haki. Nchi za Afrika zilikwisha kupatana mjini Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe. Na lau kila dola ingepewa ruhusa ya kuunyoosha mpaka wake kwa bunduki, Juba yenyewe isingesalimika na madai ya mwaka 1976.

Hoja ya tatu ni ya fitina ndani ya jeshi. Mwaka 1978 Amin aligombana na wakubwa wa serikali yake. Makamu wake, Jenerali Mustafa Adrisi, alivunjika katika ajali ya motokaa mwezi wa Aprili, na wafuasi wake hawakuamini kwamba ni ajali tu. Moses Ali, aliyekuwa waziri wa fedha, aliondolewa kazini. Wote wawili walikuwa Waislamu tena watu wa West Nile. Bei ya kahawa ilikuwa imeshuka tangu mwaka 1977, na mwezi wa Oktoba 1978 Marekani ikapiga marufuku biashara na Uganda. Mishahara na vitu vya anasa vilivyowatuliza askari vikapungua. Katika Oktoba yenyewe palizuka maasi katika baadhi ya vikosi vya kusini. Wengi wa wachunguzi husema kwamba vita vya nje vilitafutwa ili kuufunika moto wa ndani, au kwamba askari waliokuwa wakifukuzwa walivuka mpaka na waliowafukuza wakavuka nyuma yao.

Hoja ya nne ni kwamba hapakuwa na shauri hata kidogo: maofisa wa mpakani waligombana, wakapora, na Amin akaona ni aibu kuwakana, akauvaa ushindi wao kama kanzu aliyoshonewa mwingine. Hoja hii haipingani na ya tatu. Serikali iliyozoea kutenda bila ya kuulizwa huweza kuingia vitani bila ya kukata shauri.

Katika hoja zote nne hapana hata moja iliyo ya dini. Amin alipoiteka Kagera hakuwaita watu katika Uislamu, wala hakulinda msikiti uliokuwa ukivunjwa. Jina la dini lililetwa baadaye, aliposhindwa.

NIA YA TANZANIA

Tarehe 2 Novemba 1978 Rais Nyerere aliwahutubia wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee. Katika hotuba hiyo, ambayo Watanzania wengi wanaijua kwa moyo, alitaja mambo matatu juu ya kumpiga Amin: kwamba uwezo upo, sababu ipo, na nia ipo. Maneno matatu hayo yanafaa kuwa mizani kwa yeyote apimaye vita vyovyote, na Mwislamu huyaelewa upesi, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali hupimwa kwa nia. Sababu huonekana na watu wote. Uwezo huhesabika. Nia ndiyo siri.

Na ikiwa nia ya mtu mmoja ni siri baina yake na Mola wake, nia ya dola ni siri za watu wengi zilizofungwa katika furushi moja: rais ana yake, jenerali ana yake, askari wa mgambo ana yake. Kwa hiyo mwenye kuchunguza hawezi kuapa juu ya mioyo. Aliwezalo ni kutazama vitendo, hasa pale mtu alipopata nafasi ya kusimama: je, alisimama, au aliendelea? Na kama aliendelea, ni jambo gani jipya lililomsukuma?

Kwa mizani hiyo vita vya Tanzania vinagawanyika sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni ya Novemba na Desemba 1978. Hapa hapana mgogoro mkubwa. Nchi iliingiliwa, raia waliuawa, na mwenye nchi akamfukuza mwingiaji. Katikati ya Novemba Amin alisema kwamba anarudi nyuma, na kabla ya mwaka kwisha pembe ya Kagera ilikuwa imerudi mikononi mwa Tanzania. Wanavyuoni wa fiqhi wameeleza mlango wa kumzuia mshambuliaji: aliyeshambuliwa nafsi yake, mali yake au jamaa zake ana haki ya kumzuia, hata kama mshambuliaji ni Mwislamu, ila amzuie kwa kiasi kinachotosha. Katika sehemu hii Tanzania haikuvuka kiasi.

Sehemu ya pili yaanza Januari 1979, majeshi ya Tanzania yalipovuka mpaka na kuuteka Mutukula. Hapo ndipo penye mjadala wa kweli, kwa kuwa nchi ilikwisha kukombolewa. Sababu zilizotolewa na serikali ya Tanzania zilikuwa hizi: Amin hakulikana dai lake juu ya Kagera, hakulipa fidia, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukukubali kumlaumu kwa uvamizi wake, basi akiachwa atarudi. Mwenyekiti wa Umoja huo mwaka ule alikuwa Rais Jaafar Nimeiri wa Sudan, naye alitaka pande mbili zisuluhishwe. Nyerere alijibu kwamba haifai kumsuluhisha mwizi na mwenye nyumba kana kwamba wote wawili wana kosa moja.

Yasemekana, na vitendo vyake vinakubali, kwamba mwanzo Nyerere hakukusudia kufika Kampala. Alitaka miji ya Masaka na Mbarara itekwe iwe adhabu, na Waganda wenyewe wamalize kazi. Masaka ilitekwa tarehe 24 Februari na Mbarara siku ya pili yake. Lakini wapinzani wa Amin walikuwa dhaifu, na kutoka kaskazini ikaja Libya. Kanali Gaddafi alipeleka askari na silaha. Katika vita vya Lukaya, tarehe 10 na 11 Machi, Walibya na askari wa Uganda waliwarudisha Watanzania nyuma, kisha wakashindwa. Mwisho wa Machi Gaddafi akampa Nyerere muda wa saa 24 aondoe majeshi, na ndege ya Libya ikatupa mabomu Mwanza, ikakosa shabaha. Baada ya hapo hapakuwa na njia ya kurudi. Entebbe ilitekwa tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni majeshi ya Tanzania yalifika mpaka wa Sudan.

Je, nia ilikuwa kumrudisha Obote? Wenye kusema hivyo wana ushahidi wao. Obote alikaa Dar es Salaam miaka minane akitunzwa, wafuasi wake walipigana bega kwa bega na Watanzania, na baada ya uchaguzi wa Desemba 1980, uliolalamikiwa sana, alikaa tena katika kiti cha urais huku askari wa Tanzania wakiwa bado nchini. Wenye kukataa nao wana wao. Katika mkutano wa Moshi wa Machi 1979, vyama vya Waganda walioikimbia nchi vilipoungana, Obote hakuhudhuria, na aliyechaguliwa kuwa kiongozi ni Yusuf Lule. Iliyo karibu na kweli ni kwamba urafiki na Obote haukuanzisha vita, lakini uliathiri amani iliyofuata. Na ubaya wa amani ile uliwaangukia watu wengi wasiokuwa na hatia.

JE, VILIKUWA VITA VYA DINI?

Hoja hii isidharauliwe, kwa kuwa waliyoyaona waliyaona kwa macho yao. Nyerere alikuwa Mkatoliki mwenye kushika dini yake. Askofu alikuwa ameuawa na Amin, na makanisa ya ulimwengu yalikuwa na hasira. Waliposhindwa askari wa Amin, Waislamu wengi wa Uganda waliteswa kwa jina lao tu. Mtu aliyemwona baba yake akiuawa kwa sababu ya kofia yake, hapana wa kumlaumu akisema kwamba vita vilikuwa juu ya kofia.

Lakini matokeo ya jambo si lazima yawe nia yake. Mtu akitazama upande wa Tanzania, waziri wa ulinzi alikuwa Rashidi Kawawa, na mkuu wa majeshi alikuwa Jenerali Abdallah Twalipo. Makamu wa Rais alikuwa Aboud Jumbe wa Zanzibar. Wanamgambo walitoka kila mkoa, na vijana wa Tanga, Mafia, Kilwa na Unguja waliswali katika mahandaki wakielekea Kibla kile kile walichoelekea Waislamu wa upande wa pili. Upande wa Uganda nao, jeshi la Amin halikuwa jeshi la Waislamu watupu. Walikuwamo Wakristo, na walikuwamo watu wengi wa Sudan ya kusini, baadhi yao waliokuwa Anya-Nya kabla ya mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972.

Tena katika dola za Kiislamu, isipokuwa Libya na baadhi ya wapiganaji wa Kipalestina, hapana jeshi lililoonekana uwanjani. Nimeiri, aliye Mwislamu na jirani, alitaka sulhu wala hakutuma kikosi. Lau ingalikuwa dhahiri kwamba ni vita juu ya dini, wangalinyamaza wote?

Na ushahidi mzito kuliko wote ni huu: miongoni mwa waliouawa na serikali ya Amin katika miaka minane walikuwamo Waislamu pia, na wakubwa aliowafukuza mwaka 1978 walikuwa Waislamu. Serikali isiyoheshimu damu ya Mwislamu ikiwa na nguvu, haina haki ya kuuita Uislamu uje kuilinda ikidhoofika. Aliyeitia dini jina baya ni yule aliyetenda dhulma akijisifu nayo, kabla ya yule aliyeipiga vita dhulma hiyo.

Hata hivyo uadilifu wataka pande zote zipimwe kwa kipimo kimoja. Jeshi la Tanzania liliuvunjavunja mji wa Mutukula kwa kisasi, na raia wakauawa humo. Nyerere alipopata khabari aliamuru raia wasiguswe. Majumba ya Masaka na Mbarara yalibomolewa baada ya vita kupita. Mwenye sababu ya haki aweza kutenda yasiyo ya haki, na haki ya mwanzo haiyahalalishi ya mwisho.

YALIYOWAFIKA WATU

Dola zilipomaliza hesabu zake, raia walianza kulipa. Tanzania, nchi maskini, ilitumia fedha zinazokisiwa kuwa dola za Marekani milioni 500, na uchumi wake ukayumba kwa miaka mingi. Katika Ankole, magharibi ya Uganda, mwaka 1979 Waislamu waliuawa na majirani zao, na misikiti ikabomolewa. Katika West Nile jeshi jipya la Uganda lililipiza kisasi tangu mwaka 1980, na mwezi wa Juni 1981 watu waliokimbilia katika misheni ya Ombaci karibu na Arua waliuawa humo. Msomaji auangalie vyema mkasa huo: waliouawa Ombaci walikuwa katika misheni ya Wakatoliki, na waliowaua hawakuwauliza kama ni watu wa msikiti au wa kanisa. Walitosha kuwa watu wa nchi ya Amin.

Wanubi, Wakakwa, Walugbara na Wamadi wakavuka mpaka kwa maelfu mengi, wakaingia Kajo Keji, Yei na Juba. Kwa Wanubi hasa ilikuwa ajabu ya majaaliwa. Babu zao walitolewa katika nchi hizi na Emin Pasha na Lugard wakiwa askari, nao wakarudi baada ya miaka 88 wakiwa wakimbizi, wakizungumza Kiarabu ambacho wenyeji walikifahamu. Walipokewa. Wenyeji waligawana nao mtama na mihogo, na katika misikiti ya Juba walipewa nafasi katika safu. Wengine walirudi Uganda tangu mwaka 1986, vita vya Sudan viliposhika nguvu. Wengine wakabaki, na watoto wao wameiona bendera ya Sudan Kusini ikipanda tarehe 9 Julai 2011.

Amin mwenyewe hakuwa pamoja nao. Alikwenda Libya, kisha Saudi Arabia, akafa Jeddah tarehe 16 Agosti 2003. Wale aliowasemea kwa jina la dini walilala chini ya miti.

MAFUNZO

Katika khabari hizi mna mafunzo matatu ambayo jumuiya ya Kiislamu ya Juba yaweza kuyafikiri.

La kwanza ni kwamba nia ya vita haikai pahala pamoja. Huanza na kulinda, ikapita katika kuadhibu, ikaishia katika kutawala. Kwa hiyo yule asemaye kwamba vita vya Kagera vilikuwa vya kujilinda amesema kweli juu ya Novemba 1978, na yule asemaye kwamba vilikuwa vya kuondoa serikali amesema kweli juu ya Aprili 1979. Kosa la kila mmoja ni kuichukua sehemu yake akaifanya yote.

La pili ni kwamba dini huitwa vitani mara nyingi baada ya vita kuanza, ili ibebe mzigo ambao sababu nyingine zimeshindwa kuubeba. Watu wa Sudan wamelijua hilo zaidi ya wengine. Vita vilivyozuka Bor mwezi wa Mei 1983 vilitangulia sheria za Septemba za Nimeiri kwa miezi kadhaa, lakini baadaye kila upande ulivieleza kana kwamba vilianza kwa dini tu. Na Waislamu wa kusini, wasiokuwa wameshauriwa na upande wowote, walitazamwa kwa shaka na pande zote mbili. Na vita vilivyozuka Juba mwezi wa Desemba 2013, pamoja na vile vilivyozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, vimeonyesha kwamba watu wa dini moja nao huuana, bila ya dini nyingine kuwapo katikati.

La tatu ni la nyumbani. Mtoto akimwuliza babu yake kwa nini walitoka Arua au Bombo, babu ana njia mbili. Aweza kumwambia kwamba Wakristo waliwachukia, na mtoto akatoka nje akamtazama jirani yake kwa jicho jingine. Au aweza kumwambia khabari zote: kwamba mtawala aliyekuwa ndugu yao kwa dini aliwadhulumu watu na akavuka mpaka usio wake, kwamba nchi iliyoingiliwa ilijilinda, kisha ikapita kiasi, kwamba wasio na hatia walilipa, na kwamba wenyeji wa nchi hii, Waislamu na wasio Waislamu, waliwapa mahali pa kulala. Njia ya pili ni ndefu kidogo, lakini ndiyo ya ushahidi wa haki, na Mwislamu ameamrishwa kuutoa ushahidi wa haki hata juu ya nafsi yake na jamaa zake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika vita hivyo miongoni mwa waja wake, awape subira waliobaki, na aijaalie nchi hii amani ambayo watoto wetu hawatahitaji kuulizana nia ya waliyoivunja. Wabillahi taufiq.